Jua Lile Lile, Ngozi Tofauti

Hotuba hii niliitoa Jumamosi kwenye mkutano wa wazazi na walimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Kuna wazazi waliokuwa baharini, shambani na kazini, wakaomba wapate maneno yote. Nimeyaandika kama nilivyoyasema. Picha za ukutani tu ndizo nilizoziacha.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi wenzangu. Wakubwa shikamooni. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu mkaja kumsikiliza muuguzi wa ngozi.

Nianze kwa kuwauliza. Nani hapa ameshaambiwa na mama yake, au na nesi wa kliniki, amtoe mtoto nje apate jua? Nyoosheni mikono. Naona karibu wote. Haya, na nani ameshasikia redioni kwamba jua linaleta saratani ya ngozi? Mikono mingi pia. Sasa mzazi afuate lipi? Amtoe mtoto nje, au amfiche ndani?

Ndugu zangu, nesi amesema kweli na mtangazaji naye amesema kweli. Lakini wote wawili wamepita bila kuuliza maswali mawili, na kwa maswali hayo mawili nimekuja leo. Ngozi ya nani? Saa ngapi? Asiyeuliza haya atamnyima mtoto mmoja kitu ambacho mifupa yake inakililia, na mtoto mwingine atampa kidonda cha kumuua. Na watoto hao wawili wamesimama mstari mmoja, uwanja mmoja, chini ya jua lile lile.

Tuanze na ngozi.

Tazameni mikono yenu. Rangi mnayoiona ni melanini. Mwenyezi Mungu ametupa mwamvuli tunaotembea nao tangu kuzaliwa. Kwa nini tulihitaji mwamvuli? Kwa sababu jua hutuma mionzi ambayo macho hayaioni, mionzi ya urujuanimno, na aina zake mbili hutufikia hapa chini. Kuna UVA, inayozama ndani ya ngozi na kupenya hata kioo cha dirisha. Na kuna UVB, ambayo kioo huizuia. Hii UVB ndiyo inayounguza. Ndiyo inayoharibu chembe za ngozi mpaka zianze kuota bila mpango, na hiyo ndiyo saratani. Na hiyo hiyo UVB, sikilizeni vizuri, ndiyo inayotengeneza vitamini D mwilini. Dawa na sumu zimo katika mwonzi mmoja.

Ngozi nyeusi huupunguza mwonzi huo sana. Vipimo vya maabara vilionyesha kwamba UVB inayopenya ngozi nyeusi ni kama sehemu moja ya tano ya ile inayopenya ngozi nyeupe. Ndiyo maana mvuvi wa Deep Sea, hapa hapa Tanga, anaweza kuzeeka ngalawani na asipate saratani ya ngozi ya jua. Mwamvuli wake umemkinga miaka yote.

Sasa yuko mtoto aliyezaliwa bila mwamvuli.

Mtoto mwenye ualbino si mgeni kwetu. Ulaya na Marekani Kaskazini huzaliwa mmoja kati ya watu 17,000 hadi 20,000. Tanzania inakadiriwa ni mmoja kati ya 1,400. Nchi chache duniani zinatufikia. Kwa hiyo asiseme mtu hapa kwamba hili ni jambo la familia fulani mtaa fulani. Ni letu.

Akina baba, hapa nawaomba masikio. Ualbino hauji mpaka mama atoe sehemu yake na baba atoe yake. Wote wawili. Wewe unaweza kuwa mweusi tii, ukoo wako mzima weusi tii, na bado umebeba sehemu hiyo bila kujua. Mama hakukosea. Hakutembea nje. Hakulaaniwa. Nimekutana kliniki na akina mama walioachwa na mtoto wa siku tatu mgongoni, na baba aliyekimbia ndiye aliyechangia nusu. Baba anayemkimbia mtoto huyu anamkimbia mwanawe wa damu.

Niwape habari ya kijana mmoja. Jina lake na kijiji chake nayahifadhi.

Alikuwa kibarua wa kuchuma machungwa. Kazi ya mchana kutwa, juani. Alipokuwa darasa la tano alitokewa na ukavu juu ya sikio. Ukavu ukawa gamba. Gamba likabanduka, likatoka damu kidogo, likarudi. Wakampaka mafuta ya mgando. Wakampaka dawa ya majani. Likabanduka, likarudi. Alivaa kofia, tena kila siku, lakini ilikuwa kapelo. Mnaijua kapelo: inafunika utosi na paji la uso, masikio na shingo yanabaki nje. Miaka ikaenda. Alipotufikia sisi, kidonda kilikuwa kimekula nusu ya sikio, na shingoni tezi zilikuwa zimevimba na kuwa ngumu. Alifanyiwa upasuaji, akapelekwa Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road, kwa mionzi ya tiba. Alifariki hajafika miaka thelathini.

Wazee wetu walisema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini yule kijana alificha nini? Kidonda kilikuwa sikioni! Mwalimu alikiona. Jirani alikiona. Tajiri wa shamba alikiona kila alipomlipa. Kila mtu alikiona, na kila mtu alidhani ndivyo ngozi za watu hawa zilivyo.

Hapana. Hazikuumbwa hivyo. Mtoto mwenye ualbino akikingwa tangu siku ya kwanza, ngozi yake hubaki laini kama ya mtoto mwingine yeyote. Yale madoa, yale magamba, ile midomo iliyopasuka, hayo si ualbino. Hayo ni jua. Na jua tunaweza kulizuia.

Shikeni dalili hizi, maana ndizo zitakazookoa mtu. Kidonda kisichopona kwa wiki nne. Gamba linalobanduka na kurudi pale pale. Kinyama kinachoota. Mahali panapotoka damu kwa kuguswa kidogo. Hasa usoni, masikioni, midomoni, shingoni na migongoni mwa viganja. Ukiona mojawapo, usisubiri mavuno, usisubiri mshahara. Kikikamatwa mapema, mara nyingi ni upasuaji mdogo wa ganzi, na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kikiachwa, mmesikia.

Kwa bahati nzuri hatuko mbali na msaada. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992 kuna kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na hapo hapo hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ikapelekwa kwenye kliniki mikoani. Imetengenezwa kwa jua letu, kwa jasho letu.

Lakini mzazi asiniulize losheni kabla hajaniuliza nguo. Losheni huisha, huoshwa na jasho, na ni lazima ipakwe tena kila baada ya saa mbili. Shati la mikono mirefu haliishi saa mbili. Kofia yenye ukingo mpana pande zote, wa kufunika masikio na kisogo, haihitaji kupakwa tena. Na nguo zenyewe si sawa. Shati jeupe jepesi la shule, lile linaloonyesha mwili kwa ndani, hupitisha mionzi, na likilowa jasho hupitisha zaidi. Shika kitambaa ukinyanyue kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita kwa wingi, jua nalo linapita. Kitambaa kizito, kilichofumwa kwa kubana, chenye rangi iliyokolea, ndicho kinga. Losheni ibaki kwa sehemu ambazo nguo haifiki: uso, masikio yote mbele na nyuma, midomo, shingo, mikono.

Hapo nimemaliza na mtoto asiye na mwamvuli? Sijamaliza, nitamrudia nitakapozungumza na walimu. Lakini lazima nigeukie upande wa pili sasa, msije mkatoka hapa mkafunga madirisha yote.

Twende Berlin, Ujerumani, mwaka 1919. Vita Kuu ya Kwanza imetoka kuisha. Njaa, baridi, moshi wa viwanda, watoto wanaishi ndani ya nyumba zenye giza. Miguu yao imepinda, mifupa yao ni laini. Matege. Daktari mmoja, Kurt Huldschinsky, akawaweka watoto wenye matege mbele ya taa inayotoa mionzi ya urujuanimno. Mifupa ikaanza kukomaa. Kisha akafanya jambo lililowashangaza wenzake: akaumulika mkono mmoja tu wa mtoto. Mnadhani ulipona mkono gani? Ilipona yote miwili! Maana yake ni nini? Maana yake ngozi iliyopigwa na mwanga ilikuwa inatengeneza kitu, na kitu hicho kilisafiri kwenye damu mpaka kwenye mifupa ambayo mwanga haukuigusa. Hiyo ndiyo vitamini D. Bila hiyo utumbo hauchukui kalsiamu ya chakula ipasavyo, na mfupa hauna cha kujengea.

Sasa mtu atasema: hayo ni ya Ujerumani kwenye theluji, sisi jua tunalo mpaka la kumwaga. Ni kweli tunalo. Watafiti waliwapima damu Wahadzabe na Wamasai wanaoishi maisha ya asili hapa hapa Tanzania, matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Wastani wao wa vitamini D ulikuwa 115, kwa kipimo cha nanomoli kwa lita. Madaktari wengi huita upungufu pale kipimo kinaposhuka chini ya 50. Watu weusi kabisa, hawajawahi kumeza kidonge cha vitamini, na wamejaa tele. Na jambo ninalotaka mlishike: watu hawa hutumia sehemu kubwa ya siku nje, lakini jua kali la moja kwa moja hulikwepa kila wanapoweza. Wanatafuta kivuli. Hawaanikwi kama dagaa. Kuwa nje siku nzima, chini ya mbuyu, ukitoka na kuingia, kumewatosha.

Basi upungufu unakuwa wapi? Unakuwa kwa mtu ambaye mwamvuli wake ni mzito na jua halimfikii. Nendeni Oman. Jua la Muscat nani asiyelijua? Tuna ndugu kule, tuna shangazi na wajomba. Na bado, uchunguzi baada ya uchunguzi katika nchi za Ghuba umekuta upungufu wa vitamini D kwa watu wengi mno, wanawake wakizidi. Kwa sababu gani? Nyumba ina kiyoyozi, gari lina kiyoyozi, duka lina kiyoyozi, na kati ya mlango na mlango mtu amejifunika. Kioo cha gari, nimesema, kinazuia UVB. Unaona jua, unalisikia joto, na vitamini hupati.

Hapa nataka niseme jambo kwa uangalifu, kwa sababu nimeshasikia watu wakilitumia vibaya. Tatizo si buibui. Mabibi zetu walivaa buibui na mifupa yao iliwabeba mpaka uzeeni. Lakini bibi aliishi nyumba yenye ua. Tazameni nyumba za zamani za Lamu, za Mji Mkongwe Unguja, za Pangani: katikati au nyuma kuna uwanja wa ndani, uko wazi juu, umefungwa pande zote. Pale mwanamke alipepeta mchele, aliosha vyombo, alisuka nywele, mikono na kichwa wazi, hakuna jicho la mgeni. Jua lilikuwa linaingia ndani ya sitara. Leo mjukuu wake anaishi ghorofa ya tatu. Ana sitara na hana ua. Dada yangu unayeishi hivyo, tafuta mahali pa stara, darini, uani kwa jirani, ukae na mikono na miguu wazi nusu saa hivi, mara kadhaa kwa wiki, bila kuungua. Mjamzito na anayenyonyesha, ninyi hasa, maana mtoto anachukua kutoka kwenu.

Na wenye watoto Uingereza, wapigieni simu leo. Kule, kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua haliko juu vya kutosha kutengeneza vitamini D kwa mtu yeyote, awe mweusi au mweupe. Serikali yao inashauri mikrogramu 10 kwa siku katika miezi hiyo, na mtu mweusi ashauriane na kliniki kuhusu kuitumia mwaka mzima. Mwamvuli uliomfaa Tanga unamzidi uzito Leicester. Ila vidonge vifuate kipimo. Ngozi ikipigwa jua jingi huivunja yenyewe ziada ya vitamini D, lakini vidonge vikizidi hakuna cha kuvizuia, na vinadhuru figo.

Jambo dogo kabla sijatoka kwenye mifupa. Jos, Nigeria, kuna jua tele, na kulikuwa na watoto wenye matege. Madaktari wakawatibu kwa njia tofauti wakalinganisha, wakachapisha mwaka 1999: waliopewa kalsiamu walipona vizuri kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Jua walikuwa nalo. Walichokosa ni kalsiamu kwenye sahani. Kwa hiyo mama, dagaa mzima na mifupa yake, maziwa, mchicha. Jua halipiki chakula ambacho hakipo.

Sasa swali la pili. Saa ngapi?

Wengi wenu huwatoa watoto wachanga saa moja asubuhi, jua likichomoza. Ni desturi nzuri, mtoto anapata hewa, mama anapumzika, na mwanga wa asubuhi husaidia mwili kujua mchana ni upi na usiku ni upi. Lakini kwa vitamini D, jua la saa moja lina UVB kidogo mno. Mionzi inapita angani kwa mshazari, safari ndefu, inachujwa njiani. Mnataka kipimo kisicho na gharama? Tazama kivuli chako. Kikiwa kirefu kuliko wewe, UVB ni kidogo. Kikiwa kifupi kuliko wewe, UVB ni nyingi. Hapa kwetu kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni ndiyo saa ya kujihadhari, na saa sita, kivuli kikiwa miguuni, ndiyo kilele. Mawingu mepesi yasikudanganye, mionzi mingi inapita. Na ukipanda milimani, kama Lushoto, ubaridi usikudanganye: kila mita 1,000 unazopanda, mionzi inaongezeka kwa asilimia 10 hivi.

Kwa mtoto mchanga mweusi, dakika chache saa tatu asubuhi, mikono na miguu wazi, uso kivulini, ngozi isipate moto, zinatosha. Maziwa ya mama ni bora kwa kila kitu lakini vitamini D ndani yake ni kidogo, kwa hiyo uliza kliniki kuhusu matone. Kwa mchanga mwenye ualbino, jua la moja kwa moja hapana. Matone, na kivuli.

Na hapa lazima nizungumzie manjano, ule ugonjwa wa mtoto mchanga kugeuka njano ngozi na macho. Mwaka 1956, hospitali ya Rochford, Essex, Uingereza, kulikuwa na sista aliyeitwa Jean Ward, msimamizi wa wodi ya watoto njiti. Siku za joto alikuwa akiwatoa watoto uani kwenye hewa safi. Siku moja akawaonyesha madaktari mtoto mmoja: mwili wake umepauka, isipokuwa pembe moja ya ngozi yenye umanjano mkali. Wakadhani amempaka kitu. Hakuwa amempaka. Kona ya shuka ilikuwa imefunika pale, na kwingine kote mwanga ulikuwa umeondoa umanjano! Kwa macho ya muuguzi yule, miaka miwili baadaye, 1958, Daktari Cremer na wenzake wakachapisha tiba ya mwanga, na leo kila taa ya bluu mnayoiona kwenye wodi za watoto ilianzia pale. Mimi ni muuguzi. Kila nikiisimulia habari hii najisikia fahari.

Lakini sikilizeni mwisho wake. Mtoto akiwa na manjano, usimuanike nyumbani ukasubiri. Manjano ikizidi huingia kwenye ubongo, na mtoto akinusurika anaweza kubaki kiziwi au asitembee. Jua la nyumbani halina kipimo. Linaweza kumuunguza, kumkausha maji, na wewe ukadhani unamtibu. Lagos, Nigeria, walijaribu kutibu kwa jua, matokeo yakatoka 2015, na lilifanya kazi. Lakini walitumia mahema maalumu yanayochuja mionzi mibaya, ndani ya hospitali, damu ya mtoto ikipimwa na joto lake likipimwa. Mtoto wa manjano ni wa hospitali. Macho yakiwa ya njano ndani ya saa 24 za kwanza, au akigoma kunyonya, au akilegea, ni hospitali usiku huo huo.

Yanayobaki nitapita haraka.

Mkorogo. Wanaojichubua wananunua dawa ya kuuchana mwamvuli wao wenyewe. Haidrokwinoni na zebaki, kemikali zilizomo humo, zinazuia ngozi kutengeneza melanini, kisha mtu anatoka saa sita kwenda sokoni. Sina lugha laini kwa hili. Acheni.

Macho. Wavuvi na waendesha bodaboda, kile kinyama kinachoota upande wa pua kwenye weupe wa jicho, na mtoto wa jicho pia, jua linachangia. Afrika Mashariki pia inaona saratani ya utando wa jicho kuliko sehemu nyingi duniani, jua likishirikiana na VVU. Kinyama kikikua haraka, kliniki ya macho.

Nyayo. Bob Marley alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 kwa saratani ya ngozi, melanoma, iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Haikuletwa na jua. Sisi weusi saratani ile hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Doa jeusi linalopanuka wayoni lisiitwe tu mchomo wa mwiba.

Na joto. Oman sheria inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Tajiri wa hapa mwenye vibarua kwenye mkonge au ujenzi anashindwa nini kuwapa kivuli na maji saa hizo?

Namalizia na walimu wangu.

Mwalimu Mkuu, kuna shule, sitaitaja, mtoto mwenye ualbino alivuliwa kofia mstarini mbele ya wenzake kwa sababu kofia si sare. Akasimama hapo hotuba nzima ya mgeni rasmi. Jioni uso umewiva, wiki nzima hakulala vizuri. Mwalimu yule hakuwa katili, alikuwa anafuata kanuni. Basi tubadilishe kanuni! Naomba hapa, leo, kamati iandike kwamba kofia pana, mikono mirefu na suruali au sketi ndefu ni sare halali kwa mtoto huyu, mstarini, kwenye gwaride, kwenye shamba la shule na kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Asiombe ruhusa kila siku. Mstari uhamie kivuli cha mwembe. Michezo iwe kabla ya saa nne au baada ya saa kumi. Darasani akae mbele, kwa sababu ualbino hupunguza uono, lakini mbali na dirisha lenye jua. Akisogelea ubao, asicheke mtu.

Na watoto wengine wote, msiwafungie ndani. Guangzhou, China, watoto wa shule waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku, na baada ya miaka mitatu waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa wachache kuliko wenzao. Matokeo yalitoka 2015. Kinachosaidia ni mwanga wa nje, na chini ya mti upo wa kutosha. Kwa hiyo mwembe ule ule unawafaa wote: mweusi anapata mwanga wake, mwenye ualbino akiwa na kofia na mikono mirefu anacheza na wenzake. Kama hakuna mwembe, tupande. Miche ipo, nimeshazungumza na mzazi mwenye kitalu, yuko pale nyuma.

Mwenyekiti, nakurudishia kipaza sauti. Wenzangu wa kliniki wako darasa la nne mpaka saa tisa, wanaangalia ngozi bure. Wenye watoto wenye ualbino waanze wao, na wakae ndani, wasipange foleni nje. Kama nyumbani kuna mtu mzima mwenye kidonda kisichopona na ameona haya kuja, mfuateni sasa hivi, tutamsubiri. Nani ana swali la kwanza?